Kuyeyusha au Kumumunyisha? Lugha ya Maelekezo katika Utengenezaji wa Bodi ya Saketi kwa Tona na Asetoni

Utangulizi

Suala la istilahi za sayansi limeshughulikiwa kwa muda mrefu katika taaluma ya Kiswahili. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka wa 1990, na tangu hapo orodha za istilahi zimeendelea kutungwa, kusanifiwa na kubishaniwa. Hata hivyo, orodha ya istilahi si maelekezo. Mtu anaweza kuyajua majina ya vitu vyote vilivyo mezani na bado asijue ashike kipi kwanza, wala kipi kitamdhuru akikishika vibaya. Majina ni kazi ya nomino. Maelekezo hubebwa zaidi na vitenzi, minyambuliko yake, na mpangilio wa maneno katika sentensi, na upande huu haujapewa uzito unaostahili.

Makala haya yanachunguza upande huo kwa kutumia kazi moja mahususi: utengenezaji wa bodi ya saketi nyumbani kwa njia ya kuhamisha tona kwa mchanganyiko wa asetoni na alkoholi. Kazi hii imeteuliwa kwa sababu tatu. Vifaa vyake vinapatikana, kwa hiyo hufanywa na wanafunzi wa elektroniki na mafundi ambao hawana uwezo wa kuagiza bodi kiwandani. Hatua zake ni chache na zinafuatana. Tena, ina hatari mbili za kweli, moto na kemikali, ambazo zinaweza kusababishwa na sentensi iliyoandikwa ovyo.

Kazi yenyewe

Ndani ya redio au chaja ya simu mna kibao chenye mistari myembamba ya shaba. Mistari hiyo ndiyo njia za umeme baina ya rezista, transista na vipande vingine. Wazo la kuzichapa njia hizo badala ya kuunganisha waya mmoja mmoja huhusishwa sana na Paul Eisler, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza mwaka wa 1936 na kuomba hataza ya uvumbuzi huo mwaka wa 1943. Kiwandani kibao hicho huanza kikiwa kihami kilichofunikwa kwa shaba upande mmoja au pande zote mbili. Shaba isiyohitajika huondolewa na inayohitajika huachwa.

Anayefanya kazi hii nyumbani hufuata kanuni iyo hiyo. Hununua kibao kilichofunikwa kwa shaba, ambacho kwa kawaida kina unene wa milimita 1.6, na shaba yake unene wa takriban mikromita 35 tu. Huchora njia zake juu ya shaba kwa kitu kisichodhurika na kemikali, kisha hukitumbukiza kibao katika kemikali inayokula shaba. Mahali palipofunikwa hubaki, palipo wazi huliwa.

Kitu hicho kisichodhurika ndicho tona, yaani unga mweusi wa printa ya leza na wa mashine ya fotokopi. Asili yake ni katika majaribio ya Chester Carlson, aliyefaulu kutoa nakala ya kwanza kwa umeme tuli na unga mkavu mtaani Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938. Wengi huuita unga huu wino, na hapo ndipo wanapopotea. Wino wa printa ya kawaida ya matone ni rangi iliyo katika majimaji na haufai kabisa kwa kazi hii. Tona ni plastiki iliyosagwa na kuchanganywa na rangi nyeusi ya kaboni. Ina tabia tatu ambazo kazi nzima imejengwa juu yake: joto huilainisha na kuifanya igande, asetoni huilainisha vilevile bila joto lolote, nayo kemikali inayokula shaba haiigusi.

Tabia ya kwanza na ya pili ndizo zinazozaa njia mbili. Katika njia ya pasi, karatasi iliyochapwa hulazwa juu ya shaba na kupigwa pasi ya moto hadi tona ishike. Njia hii ina ila zake. Joto la pasi halilingani kila mahali, karatasi huteleza, na mara nyingi kona moja hushika na nyingine ikaachia. Katika njia ya pili, shaba hulowanishwa kwa mchanganyiko wa asetoni na alkoholi, karatasi ikalazwa na kukandamizwa, na tona ikahama. Asetoni peke yake haifai kwa kuwa huifanya tona iwe rojorojo na mistari huvuruga. Alkoholi, ambayo haiidhuru tona sana, huipunguza asetoni makali. Kipimo kinachotumiwa sana ni takriban sehemu 3 za asetoni kwa sehemu 8 za alkoholi, ingawa tona za kampuni mbalimbali hutofautiana na kila mtu hulazimika kujaribia kwenye kipande cha kutupa. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha inaweza kutumika iwapo ni asetoni halisi, kwani nyingine hazina asetoni kabisa na nyingine zimetiwa mafuta. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo huwa na maji mengi mno.

Kuyeyuka na kumumunyika

Hapa ndipo lugha inapoanza kuleta matatizo. Kitenzi ambacho mwandishi wa Kiswahili hukikimbilia ni kuyeyusha. Katika matumizi ya kawaida, kitenzi hiki kina maana mbili. Barafu huyeyuka juani, na samli huyeyuka kikaangoni: kitu kigumu kimekuwa majimaji kwa sababu ya joto. Sukari nayo huyeyuka katika chai: kitu kimetawanyika katika majimaji mengine hata kisionekane tena. Katika mazungumzo ya nyumbani hakuna anayechanganyikiwa. Mtu akiambiwa sukari haijayeyuka, atakoroga kikombe wala hatakirudisha jikoni.

Katika karakana mambo ni tofauti. Tona ni kitu kinachoweza kuyeyuka kwa maana zote mbili, na msomaji wa maelekezo haya huenda amekwisha kuisikia njia ya pasi kabla ya kuisikia njia ya asetoni. Akiandikiwa "paka asetoni, lamba karatasi, kisha iyeyushe tona," ni rahisi sana aichukue pasi. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi iliyo chini ya sufuri, na huchemka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi. Pasi hupita kiwango hicho mara tatu na zaidi. Isitoshe, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutambaa sakafuni. Jiko la makaa lililowekwa chini pembeni mwa chumba linatosha kuuwasha. Kwa hivyo, utata wa kitenzi kimoja, ambao katika insha ungehesabiwa kuwa kasoro ndogo ya mtindo, hapa unaweza kumchoma mtu.

Kiswahili hakikosi namna ya kuzitenga maana hizi. Kipo kitenzi mumunya, kinachoeleza jinsi mtu anavyoila pipi au kipande cha sukari guru bila kukitafuna. Pipi mdomoni haina haja ya moto. Kinachoimaliza ni mate. Kutokana na kitenzi hiki hupatikana mumunyika, mumunyisha, mmumunyo na kimumunyishi, maneno ambayo tayari yanakutwa katika maandishi ya kemia kwa Kiswahili, yakishindana na myeyusho na kiyeyushi. Wanaopendelea familia ya yeyuka husema inaeleweka zaidi na wengi. Ni kweli. Lakini kueleweka na wengi si sawa na kueleweka bila utata, na palipo na pasi na asetoni katika chumba kimoja, maneno mawili yanahitajika. Pendekezo hapa ni kwamba yeyusha iachiwe kazi ya joto, na mumunyisha ipewe kazi ya majimaji. Pendekezo hili halilazimu kwa chai.

Ugumu mmoja unabaki. Katika njia ya asetoni tona haimumunyiki kabisa. Ikimumunyika kabisa kazi imeharibika. Inalainika tu, ikawa ya kunata, ndipo ikashika shaba. Kitenzi sahihi zaidi kwa hatua hii basi ni lainisha. Kumumunyisha hasa huja mwishoni, tona inapofutwa kwa asetoni tupu baada ya shaba kuliwa. Mwandishi anayejua kazi hutumia vitenzi vyote viwili na kila kimoja mahali pake. Asiyeijua hutumia kimoja kwa yote, na hapo msomaji hugundua mara moja kwamba amefundishwa na mtu aliyefasiri kitu asichokifanya.

Kiunganishi "na" na mpangilio wa vitu

Kemikali inayokula shaba katika karakana nyingi ndogo ni kloridi ya chuma, FeCl3, unaouzwa kama unga, mabonge ya rangi ya manjano au majimaji ya hudhurungi. Kinachotokea ni hiki: 2FeCl3 + Cu → 2FeCl2 + CuCl2. Shaba huingia katika majimaji na kuondoka kwenye bodi. Unga wa kemikali hii, hasa ukiwa mkavu kabisa, hutoa joto kali unapokutana na maji. Ndiyo maana unga hutiwa majini kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya unga. Maji mengi hulimeza joto. Maji machache juu ya unga mwingi huchemka na kuruka usoni.

Sasa itazamwe sentensi ambayo mwandishi wa kawaida angeandika: "Changanya maji na unga." Kisarufi haina dosari. Kasoro yake ni kwamba "na" huwapa maji na unga hadhi sawa na kuufuta utaratibu. Hakuna anayejua nani anamfuata mwenzake. Ikumbukwe kwamba "changanya asetoni na alkoholi" haina tatizo, kwa kuwa viwili hivyo havijali kipi kimetangulia. Sentensi mbili zenye umbo moja, moja salama na nyingine ya hatari, na hakuna kanuni ya sarufi inayozitofautisha. Kinachozitofautisha ni maarifa ya kazi.

Mnyambuliko wa kutendea nao una mtego wake. "Mwagia maua maji" humaanisha maji yanakwenda kwenye maua. Kwa hiyo "mwagia unga maji" ni maji yanayokwenda kwenye unga, na "mwagia maji unga" ni unga unaokwenda kwenye maji. Tofauti ya uhai wa macho ya mtu imewekwa katika mpangilio wa nomino mbili, ambao msomaji mwenye haraka anaweza kuupindua bila kutambua. Kiambishi cha mahali ni salama zaidi. "Tia unga majini" haiwezi kusomwa kwa namna mbili, kwa kuwa -ni imekwisha kuonyesha kipi ni chombo na kipi ni mgeni. Ni faida ambayo lugha nyingi hazina kwa wepisi huu, na inashangaza kwamba waandishi wa matini za kiufundi huiacha na kung'ang'ania "changanya".

Kugeuza, kupindua na kuzungusha

Tatizo la tatu ni la taswira. Mchoro uliochapwa kwenye karatasi hulazwa kifudifudi juu ya shaba, hivyo ukishahamia huko kulia huwa kushoto. Iwapo vipande vitapita katika matundu na shaba iko upande wa chini, programu nyingi za kuchorea huionyesha shaba hiyo kana kwamba inatazamwa kutoka juu kupitia bodi. Mchoro wa namna hii huchapwa kama ulivyo, na kulazwa kifudifudi kwenyewe hurekebisha mambo. Ikiwa shaba iko upande wa juu, pamoja na vipande vyenyewe, mchoro sharti uchapwe kama unavyoonekana katika kioo. Anayekosea hutambua mwishoni kabisa, anapoona kwamba miguu ya chipu imepangwa kinyume na haiwezi kuingia popote.

Maelekezo mengi husema tu "geuza mchoro." Kitenzi geuza kina tabia ya kukubali kila kazi: kugeuza chapati, kugeuza gari, kugeuza nia. Mtu mmoja ataizungusha karatasi nusu duara, mwingine ataipindua upande wa nyuma, wa tatu ataelewa kilichokusudiwa. Kiswahili kina zungusha kwa kitendo cha kwanza na pindua au laza kifudifudi kwa cha pili. Kwa cha tatu hakuna kitenzi kimoja kilichozoeleka, na ni afadhali kusema kwa urefu: "chapa mchoro kama unavyoonekana katika kioo." Si lazima kila dhana ipewe neno moja.

Shaba, na kitenzi kula

Maneno mawili yapitiwe kwa ufupi. Shaba hutumika pia kwa shaba ya manjano, ile ya makufuli na mapambo, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Panapokuwa na shaka, "shaba nyekundu" huondoa utata.

Neno la pili ni kula. Waandishi wengine huliona la mitaani na kuweka kumomonyoa, ambalo lina usanifu na harufu ya mito na kingo za udongo. Mafundi husema dawa inakula shaba, na huonya kwamba ikiachwa sana itakula hata chini ya mistari. Usemi huu una ukweli wa kikemia ndani yake: kloridi hushambulia shaba kutoka ubavuni pia, na bodi iliyokawia majini hutoka na mistari iliyokonda. Sitiari ya kula inabeba hamu, muda na kupitiliza. Kumomonyoa hakubebi hata kimoja kati ya hivyo. Mwanafunzi wa fasihi hapaswi kushangaa kuona sitiari ikifanya kazi ya istilahi.

Jikoni kama chuo cha maelekezo

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina mapokeo ya matini elekezi na kwamba waandishi hawana pa kuigia. Dai hili halina msingi. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka wa 1858, ni mama anayemwelekeza binti yake jinsi ya kuishi, naye humwelekeza kwa amri za moja kwa moja. Karibu zaidi ni mapishi. Mpishi wa Kiswahili hapimi kwa saa tu bali kwa ishara: vitunguu hukaangwa hadi viwe vya hudhurungi, wali hupaliliwa maji yakikauka. Viunganishi hadi na mpaka, na kiambishi -ki-, ndivyo vinavyoubeba ujuzi huo.

Kazi ya bodi inataka maelekezo ya aina hii hasa. Kloridi mpya yenye uvuguvugu inaweza kumaliza kazi kwa dakika 10, iliyochoka na baridi ikachukua nusu saa na zaidi. Dakika haziaminiki, macho yanaaminika. Kinyume chake, matini nyingi za kiufundi kwa Kiswahili hupenda kutendwa na hu- ya mazoea: "karatasi hulowekwa, bodi huoshwa, matundu hutobolewa." Mtindo huu una heshima zake katika maelezo ya kitaaluma. Katika maelekezo humficha mtendaji na kumwacha msomaji akitazama kazi inayofanywa na mtu asiyekuwepo.

Mfano wa matini

Matini ifuatayo imeandikwa kwa kuzingatia hoja zilizotangulia. Maonyo yamewekwa kabla ya vitendo vyake, si baada yake.

"Fungua madirisha. Zima jiko, mshumaa na sigara, na uchomoe pasi, hutaihitaji. Vaa glavu na miwani. Chapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kung'aa, weusi ukiwa wa juu kabisa. Sugua shaba kwa msasa laini hadi ing'ae kote, kisha ipanguse kwa alkoholi na usiiguse tena kwa vidole. Katika chupa ya kioo changanya sehemu 3 za asetoni na sehemu 8 za alkoholi. Lowanisha shaba kwa mchanganyiko huo, laza karatasi kifudifudi bila kuisogeza, na uikandamize kwa kitu bapa. Tona ikilainika itashika shaba. Subiri hadi karatasi ikauke, kisha iloweke katika maji mpaka ilegee, na uitoe polepole ukiisugua kwa kidole. Mstari uliokatika uunganishe kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji.

"Chukua chombo cha plastiki. Usitumie sufuria, kwa kuwa kloridi ya chuma huila alumini kwa ukali na kutoa gesi inayoshika moto. Tia maji kwanza. Tia unga majini kidogo kidogo ukikoroga kwa kijiti. Usimwage maji juu ya unga. Tumbukiza bodi na uitikise taratibu. Shaba iliyo wazi ikiisha, itoe mara moja na uioshe kwa maji mengi. Mumunyisha tona kwa asetoni na uipanguse. Toboa matundu kwa keekee yenye ncha ya milimita 0.8 au 1, kisha lehemu vipande vyako."

Matini hii imeacha jambo moja lisemwe peke yake, yaani majimaji yaliyotumika. Hayo sasa yana shaba, ambayo ni sumu kwa samaki na viumbe vya majini, na hayafai kumwagwa katika mtaro, choo au shamba. Huhifadhiwa katika chupa ya plastiki iliyoandikwa jina na kukabidhiwa wanaoshughulikia taka za kemikali, kwa mfano maabara ya taasisi iliyo karibu. Kibandiko cha chupa hiyo ni matini elekezi pia, na pengine ndiyo fupi kuliko zote.

Zoezi

1. Andika kibandiko cha chupa iliyotajwa hapo juu kwa maneno yasiyozidi 12. Msomaji wako ni mtoto wa darasa la nne anayetafuta soda.

2. Chukua maelekezo ya Kiswahili yaliyobandikwa kwenye pakiti yoyote ya dawa ya kuulia wadudu. Bainisha kila mahali ambapo "changanya" imetumika, na ueleze kama mpangilio wa vitu unajulikana.

3. Mpe matini ya mfano mtu asiyejua elektroniki aisome kwa sauti, kisha akueleze bila kutazama afanye nini kwanza na asifanye nini kabisa. Pale atakapokosea, rekebisha sentensi.